Mbega Mwenye Kidole Gumba

Bi Siwema alifukua mchanga kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayetoa kiazi jivuni akiogopa kukichubua. Ndani ya kisanduku cha mchanga ilikuwa imelala nembo aliyoimimina asubuhi ile, baada ya kuyeyusha sufuria lililotoboka. Ilikuwa bado vuguvugu. Aliipangusa kwa upindo wa khanga, akaiinua juani aione.

Hakuiona.

Mkononi aliusikia uzito wake. Aliusikia ukingo, akausikia mkia uliojikunja na mkono ulioshika tawi. Machoni, hapakuwa na kitu ila doa la kijivu, kama pumzi iliyoganda juu ya kioo. Akapepesa. Akatazama kuku uani: kuku yupo, na manyoya yake yote. Akautazama mlima Uluguru: mlima upo, na kilemba chake cha mawingu. Akarudisha macho mkononi. Kijivu.

"Ee Mola, macho yameanza tena," alinong'ona.

Maana macho ya Bi Siwema yalishakufa siku nyingi kwa mtoto wa jicho. Kilichokuwa kikimwonesha dunia ni mboni, ile ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu ambayo siku hizi kila mtu hubandikwa jichoni. Vijana huitaka iwasomee vibao na kuwatajia majina ya watu waliowasahau. Yeye aliitaka aone tu. Nayo haivuliwi kama miwani; ikishashika, imeshika.

Mara akasikia toroli likilia barabarani kwa gurudumu lisilopakwa mafuta, akajua ni Lukali, mwenyekiti wa chama chao, mzee mrefu mwembamba asiyejua kunyamaza hata kanisani.

"Dada Siwema!" aliita kabla hajafika. "Njoo uone maajabu! Gari la mzigo la mji limenishusha! Limeniambia, 'Baba, shuka na kitu chako.' Mimi, Lukali! Kama nimebeba maiti!"

"Umebeba nini?"

"Nimebeba nini tena? Mashine ya maonyesho! Hii hapa."

Akalivuta gunia lililoifunika. Bi Siwema akatazama. Sanduku jeusi lilikuwepo, vibonye vyeupe vilikuwepo vimepangana kama meno ya mtoto. Ila pale mbele, mahali pa nembo, palikuwa na doa la kijivu, nalo lilikuwa limevimba hata kufunika nusu ya sanduku.

"Na wewe unaliona?" aliuliza.

"Naliona. Jirani yangu analiona. Paka wangu tu ndiye halioni, kwa sababu hana mboni." Lukali akashusha sauti. "Dada, nyani wetu amekufa?"

"Mbega si nyani, Lukali. Nimekwambia mara ngapi?"

"Basi mbega. Amekufa?"

Hiyo Mbega ilikuwa kompyuta, na ya zamani hasa. Ilitengenezwa Kihonda, hapa hapa Morogoro, wakati Siwema bado msichana wa kusuka nywele mabutu. Ukiiwasha, mbega mweusi mwenye mkia mweupe aliruka kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, ndipo mashine ikakuuliza unataka nini. Kiwanda kilikufa kitambo. Watoto wa shule walioitumia sasa wanatembelea magongo, na ndio walioanzisha Chama cha Wafufuaji. Waliyeyusha ndoo kuukuu wakapata masanduku, wakachonga vibonye, na ndani wakatia ubongo mdogo wa kisasa uliofundishwa kuwa mzito kama ule wa zamani. Kazi ya Bi Siwema ilikuwa nembo. Kila mashine ilipokamilika ililetwa kwake ibandikwe mbega, na siku hiyo hupikwa wali. "Bila nembo," Lukali alizoea kusema, "hii ni ndoo yenye meno."

Bi Siwema akanyoosha kidole akaligusa lile doa. Papo hapo sauti ikamwambia sikioni, sauti laini ya kike, kama ya mtu anayekuuzia sabuni:

"Nembo hii ni mali ya Jumba la Halisi. Imefunikwa kwa ulinzi wako. Ridhaa imetolewa na mchoraji mwenyewe, Bwana Kobelo."

Bi Siwema alikaa chini, palepale kwenye mchanga.

"Imekwambia nini?" Lukali akauliza. "Mimi imeniambia eti mchoraji ameridhia. Mchoraji gani? Kobelo wa watu amelala makaburini Kola, tulimzika mimi na wewe, jembe lilikuwa langu! Ameridhiaje?"

Bi Siwema alichota mchanga, akauacha uvuje vidoleni. Alikuwa anajua tayari. Mtu akichomwa na mwiba, hujua kwanza mguu gani, ndipo aulize mwiba wa nini.

*

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Ukutani palitundikwa picha ya kaka yake, Kobelo, amesimama mlango wa kiwanda na koti lake la kazi. Kifuani pa koti palishonwa mbega. Sasa kile kijivu kilikuwa kimekaa kifuani, na kwa kuwa mitambo ya Halisi hukata nguo kubwa kuliko mwili, kilikuwa kimepanda hata kwenye kidevu, kwenye mdomo, kwenye macho. Yalibaki masikio mawili na kofia.

Akakimbilia jikoni. Huko, kwenye ukuta ule wa moshi ambao hakuruhusu mtu aupake chokaa, ndiko mbega alikozaliwa. Kobelo alimchora kwa mkaa, Siwema akiosha vyombo. "Inua mkono, dada," alimwambia. "Shika upawa kama umeshika tawi. Hivyo hivyo! Usitikisike." Siwema alicheka mpaka mkono ukauma. Kobelo hakuwa amemwona mbega wa kweli kwa karibu, hivyo hakujua kwamba mbega hana kidole gumba. Akamchorea mkono wa Siwema, na kidole gumba chake. Wakubwa wa kiwanda walipokuja kugundua, mashine zilishauzwa nchi nzima. Mbega mwenye kidole gumba akabaki hivyo, na kosa likawa ndilo sura yake.

Ukuta ulikuwa kijivu tangu juu hadi chini.

Bi Siwema alinyanyua mkono kuugusa. Bila kufikiri, vidole vyake vikakunjika vilevile, kidole gumba kikapita juu, kama siku ile ya upawa. Na mbele ya macho yake mkono wake ukatoweka.

Alipiga kelele. Akauangusha mkono, ukarudi: mifupa, mishipa, pete ya ndoa. Akauinua tena kama kwanza, ukazama kijivuni. Sauti ya sabuni ikasema sikioni kwamba umbo hili ni mali ya Jumba la Halisi.

"Ni mkono wangu," Bi Siwema aliijibu. "Mwenzangu, huu ni mkono wangu, nimekuja nao duniani."

Sauti haikubishana. Haikuwa na haja.

Hapo ndipo alipokumbuka ile siku kabla ya masika, siku ya yule mgeni.

Yule aliyeleta mgeni alikuwa mwanawe. Au tuseme kaka yake. Hapa sharti nieleze, maana si kila kabila lina jambo hili. Kwao Bi Siwema, milimani, mtu mzito akifa jina lake haliachwi lilale njaa. Hutafutwa mtoto wa dada yake, hupakwa unga wa mtama kipajini, huvishwa shanga za marehemu, naye tangu siku hiyo ndiye marehemu. Mjane wa marehemu humsalimu kama mumewe. Watoto wa marehemu humwita baba. Na mama yake mzazi humwita kaka, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akimwita yule aliyekufa.

Kobelo alipofariki hakuwa na mpwa mwingine ila mtoto wa pekee wa Siwema, Mikidadi, aliyekuwa bado anasoma shule ya msingi. Wakampaka unga. Siwema mwenyewe ndiye aliyefunga shanga, na alipomaliza akarudi hatua moja, akainama, akasema, "Shikamoo, kaka." Mtoto akamtazama mama yake kwa macho makubwa. Watu wakapiga vigelegele. Jina la Mikidadi halikutajwa tena.

Basi siku ile huyo Kobelo wa pili, mtu mzima sasa mwenye ndevu, alikuja na mapera na mwanamke wa kiofisi aitwaye Leokadia. "Dada," alisema, "hawa wanataka kumuenzi aliyechora mbega. Wewe weka tu mkono, ujibu swali moja." Leokadia alitoa kiganja, lile bamba la kuapia. Kiganja hakijui ukweli wa dunia. Kinachojua ni kama moyo na ulimi wa mtu vimelala kitanda kimoja. Ukisema unachokiamini, kinawaka kijani. Ukisema usichokiamini, chekundu, hata uwe umejikaza namna gani.

"Bi Siwema," Leokadia aliuliza, "huyu aliyekaa hapa ndiye Kobelo, aliyechora mbega?"

Angejibu nini? Kusema siye ni kulitemea mate kaburi. Alimwona kaka yake amekaa kwenye kigoda anamenya pera. "Ndiye," alisema. "Ni kaka yangu."

Kijani.

Na wala hakuna aliyemwambia lile lilikuwa swali la nini.

*

Jumba la Halisi, kampuni ya kununua na kulinda nembo, lilikuwa ghorofa la vioo, Msamvu. Bi Siwema alienda na nembo yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Mlangoni mtambo ukamzuia kwa ajili ya kile alichobeba, ikabidi mwanawe ateremke kumpokea.

"Karibu, dada," alisema, akamshika mkono. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, na shingoni, ndani ya kola, zilionekana zile shanga. "Ungesema unakuja ningekutumia gari."

"Magari yananishusha, kaka. Hukusikia?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa deni. Akampandisha ofisini kwake. Mlangoni mboni ikamsomea Bi Siwema: *Kobelo, Mchoraji Mkuu.* Ofisini mlijaa mbega. Mbega kwenye vikombe, mbega kwenye mapazia, mbega anaruka juu ya dari. Humo ndani hawakuwa kijivu. Humo ndani walikuwa halali. Bi Siwema aliuona mkono wake mara mia, umeshika matawi ya watu wengine.

"Umeona?" mwanawe alisema, na sauti ikamchangamka kama ya mtoto aliyepanga vyombo vyake. "Mwaka huu mbega wetu anakwenda dunia nzima. Si kwenye ndoo za kina Lukali! Kwenye mashine za kweli. Jina la Kobelo litatajwa mpaka Uchina."

"Jina lipi?"

"Kobelo."

"Nakuuliza la nani."

Akazisukuma shanga ndani ya kola.

"Kiwanda kilipokufa," Bi Siwema alisema pole pole, "mbega alimrudia aliyemchora. Aliyemchora akafa. Sheria inasema mchoraji akifa nembo ni yatima, na yatima ni wa watu wote. Lukali alinisomea mwenyewe. Ndiyo maana miaka yote hakuna aliyetusumbua. Sasa ninyi mmemfufua."

"Si mimi niliyemfufua, dada. Sheria ya Mila na Majina iko wazi. Mrithi wa jina ni mtu yule yule, akithibitishwa na ndugu wa damu. Ndugu wa damu ni wewe. Ulithibitisha."

"Ulinidanganya."

"Nilikuuliza swali moja, ukajibu. Kuna uongo gani?"

"Ulilijua jibu langu kabla hujaniuliza! Ulijua siwezi kusema siye. Ulikuja na mapera yako ukakaa pale kwenye kigoda cha kaka yangu, ukamenya kwa mkono wa kushoto kama yeye. Wewe si wa kushoto!"

Uso wa mwanawe ukabadilika. Kile kicheko kikatoka, na nyuma yake kulikuwa na mtu ambaye Bi Siwema hakuwa amemwona siku nyingi.

"Nani alinifundisha mkono wa kushoto?" aliuliza. "Nilipigwa vibao nile kwa kushoto, kwa sababu Kobelo alikula kwa kushoto. Eti mpaka na miluzi yake nijifunze. Mjane mzima ananipigia magoti, na mimi nataka kwenda kucheza gololi! Nilipougua ile tetekuwanga, nilikuita. Unakumbuka? Nilikuita mama. Ukasema, 'Pole, kaka.' Ukanifunika, ukatoka."

"Ilikuwa mila. Kukuita vingine ni kumfukuza marehemu."

"Najua. Basi marehemu ameshika nafasi yake vizuri. Mlinipa jina, mlinipa kigoda, mlinipa makosa yake yote. Nikasema haya, kama mimi ni Kobelo, basi hata alichochora ni changu, nitakipeleka nitakako. Na kama siye..." Akaegemea meza, akamtazama. "Kama siye, niambie. Uthibitisho wa pili ni Ijumaa. Leokadia atakuja kwako na kiganja. Sema siye."

"Nikisema siye itakuwaje?"

"Si umeambiwa na Lukali? Mkataba unaanguka, mbega anakuwa yatima. Na mimi nitakuwa nimebeba jina la mtu kwa hila." Akapitisha kiganja cha mkono mbele ya uso wake, polepole, kama anayefuta kioo. "Adhabu ya jina la hila ni hiyo. Uso unafungwa. Mwaka, miwili, wanaamua wao. Kila mboni duniani itaniona kijivu. Hata yako."

Bi Siwema akafungua pindo la khanga, akaiweka ile nembo juu ya meza. Humo ofisini aliiona vizuri. Ilikuwa imetoka safi. Hata kucha ya kidole gumba ilionekana.

"Hukuniuza kwa shida," alisema. "Ungekuwa na shida ningekuelewa."

"Nilikuwa na shida, dada. Hukuiuliza tu."

*

Zile siku za katikati Bi Siwema hakusubu kitu, hakuyeyusha wala kumimina. Alikaa jikoni akijaribu neno moja. "Siye," aliuambia ukuta. Neno likatoka likiwa kavu, na alijua kiganja kingelikataa. Akajaribu tena akichota hasira: yale mapera, kile kigoda, mkono wa kushoto. Hasira ilikuja nyingi. Lakini hasira haikumfanya asiamini. Kaka yake Kobelo naye aliwahi kumuudhi, wala hakuacha kuwa kaka yake.

Lukali alikuja, akakaa kizingitini.

"Sikiliza, dada. Wenzetu wameamua. Tutang'oa nembo, tuonyeshe mashine tupu. Ndoo yenye meno ni bora kuliko mtu kuvunja ukoo."

"Ukiiwasha mbega ataruka kwenye kioo."

"Basi hatutaiwasha."

"Mashine isiyowashwa ni ya nini?"

"Hata mimi siwashiki siku hizi, na bado mnanialika." Bi Siwema akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha Lukali akasema, akitazama kando, "Ila mimi jambo moja linanitesa. Yule Kobelo wetu alikuwa rafiki yangu. Nimejaribu kukumbuka sura yake tangu picha zifunikwe. Haiji. Inakuja ya huyu mtoto. Nikajiuliza, hivi wanaweza kumfuta mtu hata kichwani?"

Alipoondoka, Bi Siwema alijaribu na yeye. Akafumba macho amtafute kaka yake. Kweli, uso uliomjia ni wa mwanawe, wenye ndevu, ofisini. Akautafuta wa mwanawe alipokuwa mdogo. Na huo haukuja kabisa. Ulikuja wa mtoto mwenye unga kipajini, na kabla ya hapo giza tupu, kama mtu aliyefagia nyayo.

Akakaa na jambo hilo muda mrefu. Wale wa Halisi walimfunika kaka yake kwa kijivu. Huyu mtoto je, alifunikwa na nani?

*

Ijumaa baada ya sala walikusanyika barazani. Lukali alikuwepo na wanachama wenzake, wameleta mashine ile ya maonyesho, doa lake limekaa katikati ya mkeka kama mgeni asiyetaka kunywa chai. Leokadia alikuja na kiganja ndani ya mkoba. Alikuwa mwanamke mpole wa Bukoba, aliyechoka, na alikubali chai.

"Mwanangu," Lukali alimwambia, "hebu nieleze mimi mjinga. Huyu bwana hapa hajafika miaka arobaini. Mbega alichorwa kabla mama yake hajaolewa. Alichorea tumboni?"

Watu wakacheka. Leokadia hakukasirika.

"Baba, sheria haiulizi umri. Mliililia wenyewe, ninyi watu wa milimani, kwamba serikali iheshimu majina yenu. Ikaheshimu. Mimi nauliza tu ndugu wa damu."

Hapo kicheko kikakatika.

Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Hakumenya kitu. Bi Siwema alipopita mbele yake alisimama kidogo, kama ilivyo desturi, lakini hakuinama. Watu wakaona. Akaketi, akaweka mkono juu ya bamba.

"Bi Siwema," Leokadia alisema, "kwa mara ya pili na ya mwisho. Huyu ndiye Kobelo, aliyechora mbega?"

Mkono wake ulikuwa umetandazwa juu ya bamba, baridi kwa chini. Alikitazama kidole gumba. Na hapo, bila kuitwa, jambo likaja ambalo lilikuwa limefagiwa: mtoto mdogo, kabla ya unga, kabla ya shanga, anapelekwa shule ya chekechea kwa njia ya mto Morogoro. Hashiki mkono kama watoto wengine. Anashika kidole gumba tu, anakizungushia ngumi yake yote, na njiani anakivuta kila akiona kitu. *Mama, ng'ombe. Mama, gari. Mama, tazama.* Kidole kikamuuma pale pale kilipokuwa kikivutwa.

Akainua macho amtazame aliyekaa kwenye kigoda. Kaka yake hakuwepo. Alitafuta kwa haki, alimtafuta kila mahali usoni mle, kwenye paji, kwenye pua, kwenye ule mkono wa kushoto wa kulazimishwa. Hakuwepo, na pengine hakuwahi kuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja tu, aliyemngojea siku zote hizo, na kwa kungoja akageuka akamuuma.

Akajua pia atakalosema litaleta nini. Akamtazama sana, pua, ndevu, kovu dogo la tetekuwanga kwenye shavu, kama anavyoipitia kalibu yake ya mchanga kabla ya kumimina.

"Siye," alisema. "Kobelo alikufa. Huyu ni Mikidadi. Nilimzaa mimi."



Bamba likawaka kijani.

Lukali alikuwa wa kwanza kupiga kelele, maana mbele yake doa lilikuwa likiyeyuka kama umande, na mbega akatokea juu ya sanduku jeusi, amekunja mkia, ameshika tawi lake. Mtu mmoja akabonyeza kitufe, mbega akaruka kwenye kioo, wazee wakapiga makofi wakilia. Ndani ya nyumba, ukutani, Kobelo alikuwa amerudishiwa mdomo na macho. Bi Siwema hakugeuka kumwona.

Alikuwa anamtazama mwanawe. Kijivu kilianzia kwenye kidevu, kikapanda bila haraka. Kilichukua ndevu. Kilichukua shavu na kovu lake. Macho yalibaki mwisho, nayo yalikuwa yamemkazia, yamejaa maji, kisha na yenyewe yakaenda. Ikabaki kola nyeupe, na mikono miwili iliyokuwa ikihangaika shingoni kufungua shanga.

Shanga zikakatika, zikatawanyika sakafuni. Wazee waliokuwa wakishangilia sasa walimwona na wao, wakasogeza miguu.

Alisimama. Hakuna aliyejua anamtazama nani, mpaka aliposema, na sauti haikuwa ya Mchoraji Mkuu wala ya mwenye kigoda. Ilikuwa imepasuka katikati kama ya mtoto mwenye homa.

"Umenisaliti, mama."

Bi Siwema alinyoosha mkono kuelekea kwenye kile kijivu, vidole vimekunjika, kidole gumba juu, nao mkono wake aliuona wote.

"Naam, mwanangu," akaitika.